Mbili kwa Mia

Niseme mapema kwamba mimi sina subira, usije ukasema hukuambiwa. Nina miaka arobaini na sita, miguu yangu inavimba, na kazi yangu ni kuogesha na kulisha wazee wa watu katika nyumba moja ya wazee huku ughaibuni, mji wa Westerville, kaskazini mwa Columbus. Wao wananiita Carrie. Jina langu ni Caritas, na kabla ya kuwa Carrie nilikuwa Mwalimu Caritas, nikifundisha hesabu katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Wanafunzi sabini darasa moja, Warundi wenzangu huku, Wakongo kule, na vitabu vya Kifaransa ambavyo nusu yao hawakuvielewa. Basi nilieleza kwa Kiswahili. Hata mambo ambayo sikuwahi kumsikia mtu akiyaeleza kwa Kiswahili niliyaeleza, na walielewa.

Hilo ndilo lililoniingiza kwenye balaa hii. Saa ya chakula cha mchana, wenzangu wanatazama video kwenye simu, mimi naandika makala za hesabu kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ya bure ambayo mtu yeyote anaweza kuongeza neno lake. Upande wa Kiingereza hesabu zimejaa mpaka unaumwa kichwa. Upande wa Kiswahili, siku niliyofungua mara ya kwanza, makala ya uwezekano ilikuwa na sentensi mbili, na ya pili ilikuwa na kosa. Niliudhika. Ndivyo nilivyoanza, kwa kuudhika, na miaka mitatu ikapita.

Tulikuwa watatu. Mimi naandika. Elisée, mtu wa Bukavu anayekaa Louisville na kufanya ukalimani hospitalini, anatafuta vyanzo, maana makala isiyo na vyanzo huko hufutwa bila huruma. Na Papa Balagizi wa Buffalo anakagua. Huyu zamani alikuwa msaidizi wa mwalimu wa hesabu katika chuo kimoja cha Bukavu. Sasa anasimama mbele ya mashine katika kiwanda cha vifuniko vya plastiki. Mzee huyo hajui kukagua kwa macho. Kila mfano wangu aliuhesabu upya kwa kalamu kwenye karatasi, mstari kwa mstari, chini anaandika tarehe na neno moja la Kifaransa, *Vu*, yaani nimeona, kisha anaipiga picha na kunitumia. Amenikamata makosa mara ishirini na tatu. Nilikuwa namchukia na kumheshimu kwa wakati mmoja. Ana kwa ana hatukuwahi kuonana, hata mmoja wetu na mwenzake.

Mwezi wa pili mwaka huu niliandika makala juu ya kanuni ya Bayes. Ni kanuni inayosema namna ya kubadili mawazo yako ukipata habari mpya, basi. Wiki ile nilikuwa nimechoka sana. Bibi mmoja niliyemhudumia miaka miwili alikuwa amefariki zamu yangu, na meneja akaniuliza kama naweza kubaki zamu ya pili. Sikuwa na nguvu za kubuni mfano. Nikauchukua ule wa upande wa Kiingereza kama ulivyo, na namba zake.

Mfano wenyewe ni huu. Chukua watu elfu moja. Kuna ugonjwa unaompata mmoja tu kati yao. Kipimo kinamkamata mgonjwa karibu kila mara, lakini katika kila wazima mia, watano huambiwa ni wagonjwa kimakosa. Pima wote elfu. Watakaoambiwa wagonjwa ni yule mmoja, pamoja na wazima kama hamsini. Kwa hiyo wewe uliyeambiwa mgonjwa, usianze kuandika wosia. Uwezekano kwamba unaumwa kweli ni mmoja kati ya hamsini na mmoja. Mbili kwa mia.

Mfano mtamu huo. Darasani watoto walikuwa wanapiga makofi.

Papa Balagizi akaandika kwenye ukurasa wa majadiliano, mahali ambapo sisi waandishi tunabishana: "Mwalimu, hii mumoja kwa elfu inatoka wapi? Ni ya bantu gani?"

Nilikuwa nimekaa chumba cha mapumziko na wali wa jana. Nikaona mzee ananitafutia makosa tena. Nikamjibu: "Papa, ni mfano tu. Ugonjwa hauna jina na watu hawana nchi. Hesabu haina kabila."

Akajibu: "Bon. Asante, Mwalimu." Na chini, *Vu*. Hakutuma karatasi yoyote. Katika miaka yote mitatu, hiyo ndiyo ilikuwa makala ya kwanza kupita bila karatasi yake, na mimi kwa uchovu wangu nikashukuru tu kwamba leo amenipumzisha.

Mwezi wa kumi, siku ya Jumatano, nikapigiwa simu na namba ya Buffalo nisiyoijua. Sauti ya mwanamke.

"Njo wewe Mama Caritas ya mahesabu?"

"Ndiye mimi. Nani mwenzangu?"

"Niko Josiane, muke ya Balagizi. Nisamehe kukusumbua, mama. Sina mwengine."

Akaniambia pole pole. Mwezi wa pili wauguzi walikuja kanisani kwao kupima watu damu baada ya ibada. Yeye Josiane alikuwa jikoni anapikia watu, hakupima. Balagizi alipima. Baada ya siku chache barua ikaja: damu imeonyesha homa ya ini, arudi kliniki apimwe tena kwa uhakika. Hakurudi. Barua ya pili ikaja, hakurudi. Kliniki ikapiga simu, akasema wamekosea namba.

"Anakonda, mama. Chakula anakiangaliaka tu. Nikimuambia twende, ananionyesha karatasi yako. Aliitoa kwa mashini, akaibandika kwa frigo. Anasema, mbili kwa mia, Josiane, mbili kwa mia. Mwalimu Caritas alihesabu."

Nilikaa chini. Ukweli nilikuwa nimeshakaa, lakini nilihisi nimekaa tena.

"Pasta alisemaje?"

"Pasta aliomba. Balagizi akamuonyesha karatasi. Sasa pasta naye anasema mbili kwa mia."

Loo! Ningecheka kama lingekuwa la mtu mwingine.

Nikampigia Papa Balagizi jioni ile, akitoka kazini. Alifurahi kunisikia, akaniuliza habari za miguu yangu, akanipa salamu za watu ambao hata siwajui. Nikamwambia Josiane amenipigia. Akacheka. "Wanawake, Mwalimu, banaogopaka barua. Wewe unajua. Hesabu haidanganyake." Kisha akasema kuna mtu mlangoni, akakata. Nikapiga tena, haikushikwa.

Nikampigia Elisée. Huyo kazi yake ni kukaa kati ya daktari na mgonjwa akihamisha maneno, kwa hiyo nilimwuliza bila kuzunguka: katika watu wetu unaowatafsiria, homa ya ini ni mmoja kwa elfu?

"Dada Caritas, hiyo namba ya makala yako ni ya watu wa kwenye mfano. Kwetu hakuna aliyehesabu vizuri, lakini chukua hata mmoja kwa ishirini, na mimi nadhani napunguza."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe uliandika ugonjwa hauna jina. Mimi nilitafuta vyanzo vya kanuni. Kanuni ni sahihi."

Kanuni ni sahihi. Nilimkatia simu mtu wa watu bila kwaheri. Nikachukua bahasha ya bili ya umeme, nikahesabu nyuma yake. Watu elfu, mmoja kwa ishirini, basi wagonjwa hamsini, karibu wote wanakamatwa. Wazima mia tisa hamsini, watano kwa kila mia wanaambiwa wagonjwa kimakosa, kama arobaini na wanane. Hamsini kwa arobaini na wanane. Zaidi ya nusu. Si mbili kwa mia, ni hamsini na moja kwa mia, na mimi ndiye niliyemwambia mzee hesabu haina kabila. Nililia kwa hasira. Sijui hasira ya nani.

Usiku huohuo sikungoja, nikaibadilisha makala. Niliandika kwamba namba ya kwanza, ile ya wangapi wanaumwa, lazima iwe ya watu wako mwenyewe, na nikaweka mifano miwili kando kwa kando. Kamusi elezo ina uzuri huo, kosa unalifuta kwa kidole na dunia nzima inaona limefutika. Lakini karatasi iliyobandikwa kwenye friji ya mtu Buffalo haifutwi na mtu aliyeko Columbus.

Asubuhi Elisée akanipigia yeye. "Umekasirika?"

"Sana."

"Jumamosi nakuja kukuchukua. Twende."

Kutoka Louisville mpaka kwangu ni saa tatu na zaidi, kutoka kwangu mpaka Buffalo ni saa tano. Alifika saa tatu asubuhi ameshaendesha tangu gizani, mtu mfupi mwenye kipara, tofauti kabisa na sauti yake. Tukasalimiana kama ndugu walioachana sokoni. Njiani hatukuzungumza sana. Alinieleza tu kwamba vipimo vya siku hizi ni vikali kuliko kile cha mfano wangu, kwa hiyo mambo huenda ni mabaya zaidi, na mimi nikamwomba anyamaze mpaka Cleveland. Mvua ilikuwa inanyesha upande wa ziwa. Nilisinzia, nikaamka na shingo inauma.

Nyumba yao iko Riverside, karibu na mto, nyumba ya mbao ya rangi ya kijani iliyochujuka, na viatu vya kila aina mlangoni. Papa Balagizi akafungua mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Nilipomwona nikasahau neno la kwanza. Shati lilikuwa la mtu mwingine, yaani lilikuwa lake la zamani, shingo imebaki peke yake katikati ya kola. Na macho, weupe wake ulikuwa na manjano. Elisée akaniangalia, mimi nikaangalia sakafu.

"Mwalimu! Elisée! Ah, Mungu wangu, kumbe muko bantu kweli!" Alitushika mikono yetu yote minne kwa mara moja. "Karibuni, karibuni. Josiane! Bageni!"

"Papa Balagizi, tumekuja kwa jambo moja tu," nikaanza.

"Tutakula kwanza. Kwetu mugeni haongeake na njala."

Hapo alinishinda. Hilo hulibishii nyumbani kwa mtu. Tukala. Bugali, sombe, yaani kisamvu, samaki, maharage, Josiane analeta na kurudi jikoni bila kunitazama usoni, mwanamke mrefu aliyefunga kitenge juu ya sweta. Papa Balagizi alizungumza muda wote. Alisifu makala yangu ya wastani, akamwuliza Elisée juu ya picha ya mchoro fulani, akanitania kwamba nilivyo mfupi hasira zinakaa wapi. Tonge lake moja alilizungusha kwenye sahani mpaka likapoa. Kila nilipofungua mdomo aliniongezea samaki.

Nilimwona Josiane amesimama kwenye mlango wa jikoni. Nyuma yake niliiona friji, na karatasi yangu, imebandikwa kwa sumaku nne, kila kona moja, kama cheti cha ndoa.

Nikanawa mikono. "Nimeshiba, Papa. Sasa nisikilize. Ile makala nilikosea."

"Hapana, Mwalimu."

"Nilikosea. Nimeshaibadilisha. Ingia uangalie."

"Josiane njo alikutuma," alisema kwa upole. "Najua. Anaogopa. Unamuonea huruma, unakuya kubadili hesabu juu ya huruma. Hiyo haina hesabu."

Ebo! Mimi, kubadili hesabu kwa huruma! Niliinuka, nikaenda jikoni, nikabandua ile karatasi kwenye friji, sumaku moja ikaanguka na kuviringika chini ya jiko. Nikarudi nayo mezani, nikaigeuza upande mweupe, nikasogeza sahani. "Nipe kalamu."

Alikuwa nayo mfukoni, bila shaka. Akanipa.

Nikamwandikia mbele ya macho yake, kama ubaoni. Watu elfu. Mmoja kwa ishirini. Wagonjwa hamsini. Wazima mia tisa hamsini. Watano kwa kila mia kimakosa. Niliandika kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa. Yeye aliinama polepole, miwani ikashuka puani, na nikaona mdomo wake unaanza kwenda pamoja na namba zangu, kama kawaida yake nadhani, miaka yote mitatu, peke yake na kalamu yake. Nikafika mwisho, nikazungushia duara. Hamsini na moja kwa mia.

Akatikisa kichwa. "Hapa umekosea."

"Wapi?"

Akaweka kidole. "Hii tano. Kile kipimo cha kanisani hakikoseake tano kwa mia. Kinakosea moja. Iliandikwa kwa ile karatasi yao. Kwa hiyo haina arobaini na nane, ni tisa na nusu, na ukigawanya..." Akanyamaza.

Elisée alikuwa na glasi ya maji mkononi na hakuiweka chini wala hakunywa.

"Ukigawanya unapata ngapi, Papa?" nikauliza.

Aliondoa kidole kwenye karatasi. Alivua miwani, akaifuta kwa shati lile kubwa, akaivaa tena. Halafu akaenda kwenye kabati la sahani, akavuta droo, akatoa Biblia, na ndani ya Biblia akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Akaniwekea mbele. Mwandiko wake mdogo ulionyooka, mstari kwa mstari, mmoja kwa ishirini, moja kwa mia, duara mwishoni. Themanini na nne kwa mia. Tarehe 19 Februari. Siku ileile aliyoniuliza namba imetoka wapi.

"Ulijua," nikasema.

"Nilihesabu."

"Ulijua, ukaniacha mimi niwe mwongo wa nyumba yako miezi minane!" Nilisikia sauti yangu inapanda na sikuizuia. "Mke wako amenipigia simu akilia. Unataka tukuzike na makala yangu kwenye jeneza? Kwa nini uliniuliza kama ulikuwa unajua?"

"Juu nilitaka useme nimekosa mimi," alisema. "Nilikuuliza nikiwa nasikiliza. Nikasema, kama Mwalimu atasema namba ni mubaya, basi nitaenda kliniki. Ukasema hesabu haina kabila." Alijaribu kutabasamu. "Nilifurahi, Mwalimu. Siku ile nilikula muzuri sana. Ndugu yangu Cikuru alikufa na tumbo kama ya mwanamuke mwenye mimba, walisema ni sumu. Walimupeleka hospitali siku ya tatu, akajua, siku ya kumi akakufa. Mutu akijua anakufa mbio. Wewe ulinipa namba ingine, na ilikuwa na jina yako chini. Nikaichukua."

Nilikuwa nimekuja kilomita mia tano na zaidi kusahihisha hesabu ya mtu aliyekuwa na jibu sahihi kwenye Biblia. Elisée akasema kwa sauti ya chini, "Mficha maradhi kifo humuumbua, Papa," na Papa Balagizi akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayekubali kwamba mvua inanyesha.

Hapo ndipo tukamsikia Josiane. Hatukujua amesimama pale tangu lini. Alikuja mpaka mezani, akaichukua ile karatasi iliyokunjwa. Hesabu hajui. Lakini mwandiko wa mumewe anaujua, na tarehe anaijua kila mtu.

"Mwezi ya pili," akasema.

"Josiane..."

"Miezi munane nafunga na kuomba. Nakupikia bila mafuta. Nasema labda mimi njo mujinga, bantu ya masomo banajua. Na wewe ulikuwa nayo ndani ya Biblia." Hakupaza sauti hata kidogo. Aliikunja karatasi tena kwa mikunjo yake ileile, akamrudishia. "Jumatatu tunaenda. Siulizi."

"Kiwandani niko na pointi tano za kukosa kazi. Nikikosa siku moja ingine batanifukuza."

"Bakufukuze."

Josiane akaanza kukusanya sahani. Nikanyanyuka kumsaidia, na jikoni nikajaribu kuomba msamaha, nikashindwa kuanza. Aliniambia tu nisukume jiko kidogo, sumaku imeingia chini.

Tulilala kwao siku mbili. Jumatatu nilipaswa kuwa Westerville saa kumi na mbili asubuhi. Nilimpigia meneja nikamwambia sitakuja. Akauliza sababu, nikasema nimemwambia mtu jambo lisilo kweli. Akasema hiyo siyo sababu kwenye mfumo wake. Nikamwambia atafute iliyo karibu.

Kliniki ilikuwa na viti vya plastiki na televisheni isiyo na sauti. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, anayeongea haraka. Elisée aliomba aruhusiwe kutafsiri, na kwa mara ya kwanza niliona kazi yake: uso wake ulifutika kabisa, akabaki mdomo tu. Wakatoa damu. Wakamgonga tumbo, wakaangalia macho yake, daktari akaandika sana. Akasema majibu kamili yatachukua siku, lakini kwa jinsi anavyomwona, aanze kujiandaa. Kuna vidonge. Mtu anavimeza kila siku, na wengi wanaishi navyo miaka mingi. Ini limechoka, tutajua limechoka kiasi gani.

Papa Balagizi alisikiliza ameweka mikono magotini. Aliuliza swali moja, kipimo hiki kinakosea wangapi kwa mia, na daktari alipojibu aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Nadhani alijisikia afadhali. Hata mimi nilianza kuvuta pumzi. Nilijisemea, basi, limekwisha, amekuja, nirudi nikalale.

Kisha daktari akafunga faili akauliza, na Elisée akatafsiri bila uso: "Na watu wa nyumbani wamepimwa? Mke? Ugonjwa huu unapita kwa damu, na kati ya mume na mke."

Josiane alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni na mkoba wake mapajani, kama aliyemsindikiza mgonjwa. Alituangalia sote mmoja mmoja. Halafu akaweka mkoba chini na kuanza kukunja mkono wa sweta.

Papa Balagizi alisema kitu kwa Kishi, lugha yao, sikukielewa. Kisha akanigeukia mimi, mzee yule wa mistari iliyonyooka, machozi yanashuka kwenye mashavu yaliyobonyea. "Mwalimu, yeye sikumuhesabia," akasema. "Nilihesabu miye tu. Miezi yote munane sikumuhesabia."

Daktari akauliza amesema nini. Elisée alifungua mdomo, akashindwa, akaomba maji.

Tuliondoka siku ileile. Elisée alinishusha Columbus na kuendelea mpaka Louisville, na nadhani tuliagana, sikumbuki. Jumanne nilikuwa kazini, Carrie huku, Carrie kule. Zile siku sikuandika makala yoyote. Niliifungua simu mara moja saa ya chakula, nikaona mtu fulani nisiyemjua ameshukuru kwa ule mfano mpya wenye namba mbili, nikaifunga.

Ijumaa asubuhi, nikiwa namvalisha babu mmoja soksi, simu ikatetemeka. Nilimwomba radhi, nikatoka kwenye korido.

"Mama Caritas," alisema Josiane. "Barua zilikuya. Ya Balagizi ni kweli. Iko nayo. Ini imeharibika upande, lakini banasema haiyakufa, ameanza vidonge jana. Amekula leo."

"Mungu ashukuriwe. Na wewe?"

"Na miye damu yangu ilisema ndiyo. Banasema nirudi bapime mara ya pili, juu ya kuhakikisha." Nilimsikia akipumua. "Sasa nakuuliza, Mwalimu. Kipimo kinaweza kukosea. Wewe unajua haya mambo. Nihesabie."

Ningeweza kutojua. Lakini kichwa changu kilishaanza peke yake, ndivyo nilivyoumbwa: mke wa mgonjwa, miaka thelathini kitanda kimoja, usichukue tena mmoja kwa ishirini, chukua zaidi, zaidi sana. Jibu lilikuja kabla sijalitaka, limesimama mbele yangu pale koridoni na harufu ya sabuni na uji. Lilikuwa kubwa. Nikafikiria kumpa jingine. Nakiri. Niliona jinsi ilivyo rahisi, jinsi angelala usiku ule.

"Mama Josiane," nikasema, "uwezekano mkubwa unao. Mkubwa sana. Nenda haraka, usingoje hata kesho."

Nilisikia mlango ukifunguliwa upande wake.

"Asante," akasema. "Niko hapa kwa mulango yao tangu saa mbili. Nilitaka kwanza nisikie kama na miye utanidanganya."

Nikamwambia pole. Akasema wanamwita jina, akakata.